Kwa nini mtu wa Bukavu aende mpaka Mombasa ndipo atembee kando ya maji?

Mtoto wa Nyawera (mleta uzi)

Hamjambo ndugu wa Kivu, na nyinyi wa pwani mnaopita humu.

Mji wetu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, umeingia Ziwa Kivu kwa rasi tano. Ukiutazama kutoka kwenye boti ya Goma unaona kabisa mkono wenye vidole vitano umetumbukizwa majini. Huku komuni ya Ibanda avenyu nyingi zikiteremka zinaishia kwenye maji. Sasa niambieni: ni Jumapili saa kumi, mmetoka misa, mmekula, mnataka tu kutembea polepole kando ya ziwa na watoto, bila kununua kitu na bila kumwomba mtu ruhusa. Mnaenda wapi?

Mimi nimezaliwa hapa na jibu sina. Swali lenyewe lilinijia mbali. Likizo kubwa tuliipitisha Mombasa kwa shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kutoa bandarini makontena ya wafanyabiashara wa Kongo. Nilitegemea bahari ya kwenye kalenda, mchanga mweupe na mnazi ulioinama. Shemeji akasema hiyo ipo, itangoja, kwanza twendeni Mama Ngina, pale kando ya bahari, tukapunge upepo kama watu wa hapa.

Tukashuka kwenye matatu karibu na feri ya Likoni. Ukiiacha feri nyuma unafuata barabara, bahari inabaki mkono wa kulia chini ya mwamba, na mibuyu minene imesimama juu ya majani. Mwezi wa nane upepo wa kusi unapiga moja kwa moja kutoka baharini, mke wangu akawa anashikilia kitenge kwa mikono miwili. Watu walikuwa wengi kweli. Wamama wa buibui wametandika mkeka, chupa ya chai katikati. Vijana wanapigana picha. Wazee wawili wanabishana habari za mpira mpaka mmoja anasimama. Na karibu wote hao hakuna aliyekuwa ananunua kitu, wamekuja tu.

Sisi tulinunua. Kuna kijana anakata muhogo vipande vyembamba kama karatasi, anavikaanga mbele yako, anavitia ndani ya kifuko, anamwaga pilipili ya unga na chumvi, anakamua ndimu juu, halafu anafunga mdomo wa kifuko na kukitikisa karibu na sikio lake, sijui anasikiliza nini. Wanaita kachiri. Muhogo tunaoujua sisi ni wa bugali, na majani yake ni sombe. Binti yangu alimaliza kifuko chake akaanza cha kwangu.

Tukiwa hapo meli ya makontena ikaingia kuelekea Kilindini. Njia ya meli inapita karibu na nchi kavu kiasi kwamba mwanangu alisoma jina lake lote kwa sauti, herufi moja moja. Shemeji akamwambia: ndani ya hizo rangi rangi kuna mzigo utakaofika mpaka Bukavu, na wewe utakuwa umeshafika zamani.

Lakini kilichonigusa hasa ni kitu kidogo. Akaja mlinzi, kofia kichwani, rungu kiunoni. Mimi mwili wenyewe ukajiandaa kusimama, nikaanza kukusanya viatu vya watoto. Mlinzi akapita, akawaambia tu wanangu wasikaribie ukingo, akaendelea zake.

Hapa kwetu, kabla ya safari hiyo, niliwahi kuteremka na watoto hao hao kwenye njia moja ya mtaa wa La Botte nikitafuta tu mahali pa kuwaonyesha maji. Sentineli akatoka kwenye kibanda: «Munatafuta nani?» Nikamjibu hatutafuti mtu, tunatafuta ziwa. Akacheka, na haki yake. Akatuelekeza kwenye hoteli jirani. Hotelini, kukaa kwenye baraza ya kuangalia ziwa ni lazima uagize. Soda nne kwa bei ya debe la mihogo ndipo watoto wa Bukavu walione ziwa la Bukavu.

Najua mtaniambia sheria. Haya, tuseme sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi, mtu anapewa haki ya kuitumia tu. Sasa huo ukuta unaoteremka mpaka ndani ya maji, mawe yake yamelowa kabisa, umesimama kwa haki gani?

Watu wa Goma, nyinyi mnafanyaje? Watu wa Mombasa na Dar, kwenu ilikuwaje mpaka pakabaki pa watu wote?

BintiMvita

Karibu tena Mombasa, kaka. Nimefurahi mlipelekwa Mama Ngina kabla ya ufuo wa Diani. Wageni wengi huruka, na sisi wenyewe ndiko tulikokulia. Idi, mwisho wa mwezi, mtoto kapasi mtihani, yote ni huko.

Ila usituvishe taji kubwa. Mama Ngina palikuwa pamechoka. Pametengenezwa upya mwaka 2019, na sherehe za kitaifa za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba mwaka huo zikafanyiwa hapo hapo. Kabla yake viti vilikuwa vimevunjika na gizani huthubutu kupita. Kwa hivyo hilo uliloliona lina umri mdogo, na halikujileta.

Na uende kaskazini, Nyali mpaka Bamburi, utaona kuta zako za Bukavu zimekutangulia. Hoteli zimejipanga, na zile njia za kuteremkia ufuoni zilizoachwa kwenye ramani, nyengine zimezibwa, nyengine zina geti. Ndiyo maana kila mtu hujazana Pirates, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Jumapili huoni mchanga kwa watu. Tofauti ni kuwa ufuo wenyewe, pale maji yanapopanda na kushuka, hakuna awezaye kukufukuza. Ukishaingia waweza kutembea mbele ya hoteli zote na walinzi wakuangalie tu.

Hapo ndipo bahari na ziwa zinapoachana. Huku siku za bamvua kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita tatu. Maji yakipwa panatokea uwanja mzima ambao asubuhi haukuwako, na hakuna tajiri aliyeweza kuujengea ukuta. Ziwa lenu halipwi. Mwenye parseli akifika majini, kafika.

Mkirudi tena, tembeeni Mama Ngina mara mbili, maji yakijaa na maji yakipwa. Ni mahali pawili.

Chukudu_Goma

Yaya wa Nyawera, kaka yangu, swali lako lina jibu moja kwa mtu wa Goma: tunavuka mpaka.

Sina mzaha. Siku ambazo mpaka uko wazi, unakwenda Petite Barrière kwa miguu, unaonyesha karatasi yako, unapewa jeton ya kuvukia, na baada ya dakika chache uko Gisenyi, upande wa Rwanda, unatembea kando ya Kivu ile ile. Miti imepangwa, njia ni safi, kuna mchanga, watoto wanaogelea, hakuna anayekuuliza unatafuta nani. Jioni unarudi kabla hawajafunga. Ziwa ni moja na maji ni yale yale, lakini kulifurahia lazima upigiwe muhuri.

Wengine wanasema sababu ni mchanga. Kuna ukweli kidogo. Pembeni ya Goma sehemu kubwa ni mawe ya volkano, meusi na makali, ukianguka unajua umeanguka. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia mpaka ziwani. Lakini jiwe halizuii mtu kutembea. Tumejenga nyumba juu ya lava, tumejenga makanisa juu ya lava, njia ya miguu ndiyo ishindikane? Kinachozuia ni kile kile cha kwenu. Kuanzia kwenye mpaka mpaka Himbi, pembeni ya maji ni hoteli, nyumba za wakubwa, ofisi za mashirika, hoteli tena.

Pembeni iliyo wazi kweli kwa kila mtu ni kama pale Kituku. Nenda Kituku saa kumi na mbili asubuhi uniambie kama utasema «tunapunga upepo». Mitumbwi inashusha makaa na mihogo, huyu anafua, huyu anaosha pikipiki, na hatua kumi kutoka hapo watoto wanajaza bidoni za njano za maji ya kupikia. Na tangu ile boti iliyotoka Minova izame mbele ya macho ya watu Oktoba 2024, kuna wengine hawawezi kusimama pale wakaangalia maji kwa raha. Shangazi yangu mmoja wapo.

Mzee wa Essence

Mtoto wa Nyawera, swali lako nimelipenda, lakini unauliza kana kwamba kuna mtu alituibia kitu tulichokuwa nacho. Hatukuwa nacho.

Mji huu ulipoitwa Costermansville, ulichorwa hivyo makusudi. Rasi, upepo mzuri na bustani za kuteremka mpaka majini vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika alipangiwa Kadutu, kule mlimani, na baadaye Bagira. Asubuhi alishuka kuja kufanya kazi, jioni akapanda. Baba yangu alikuwa mtunza bustani Muhumba. Alilijua ziwa kuliko wenye nyumba, maana ndiye aliyekuwa anachota maji ya maua, lakini hakuwahi kukaa pale chini akiwa amevaa nguo zake za Jumapili.

Uhuru ukaja. Mwaka 1973 ukaja na zairianisation, wakubwa wakagawiana mali za wageni wenyewe kwa wenyewe. Baadaye vita vikaleta mashirika yenye dola, na nyumba ya pembeni ya maji ikawa ya kupangisha kwa bei ambayo mwalimu haipati kwa miaka. Kila mara mwenye lango alibadilika na lango likabaki pale pale. Ndiyo maana mimi huwa sipendi kusikia «zamani Bukavu ilikuwa nzuri». Ilikuwa nzuri kwa nani? Picha zile za zamani za maua na barabara tupu, jiulizeni kwa nini barabara ni tupu.

Kwa hiyo mkidai, msidai kurudishiwa. Daini kitu kipya.

Kijana wa Panzi

Watu wanatafuta pa kulala salama, nyinyi mnatafuta pa kutembea. Uzi wa watu walioshiba.

Mtoto wa Nyawera

Kijana wa Panzi, nimekusoma na sikukasirikii. Lakini sikubali. Mtu anayelala kwa wasiwasi usiku kucha ndiye anayehitaji zaidi saa moja ya jioni mahali ambapo hakuna anayemuuliza kitu. Wewe mwenyewe ukizidiwa unakwenda wapi? Nina hakika unapanda mahali ambapo ziwa linaonekana.

Mzee, heshima yako. Hiyo ya Kadutu na rasi nilikuwa naijua vipande vipande, sikuwahi kuiunganisha na ukuta wa leo.

Kijana wa Panzi

Napanda juu ya darasa la shule, kwa kuwa umeuliza. Ziwa linaonekana dogo kutoka pale lakini linaonekana.

Mama Sambaza

Miye naingia na viatu vyangu vya matope, mnisamehe.

Nyinyi wote munasema pembeni ya ziwa kama pahali pa kupumzika. Sisi bamama tunaouza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pembeni ya ziwa ni kazi. Saa kumi na moja ya asubuhi tuko pale tunangoja balobaji, wavuvi wetu, warudi. Munaijua ile mitumbwi yao? Mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu mirefu, taa juu, wavu katikati, usiku kucha banaimba ili kupiga kasia pamoja. Ikikaribia tunaanza kuhesabu: huyu amepata, huyu hajapata, unajua kwa vile mtumbwi umekaa ndani ya maji hata kabla haujafika. Ukikawia kidogo bei imeshapanda.

Sasa swali langu. Siku mutajengewa hiyo plaji ya kutembea, na viti, na maua, na mlinzi wa kofia, sisi tutaambiwa twende wapi na beseni zetu? Kila pahali nilipoona wakisafisha, kitu cha kwanza walichofagia ni sisi. Huko Mombasa huyo kijana wa muhogo, nani alimpa pale pahali? Aliomba? Analipa? Hiyo ndiyo ningetaka mutuambie, kuliko habari ya meli.

Na jambo la pili, harufu. Mutavumilia harufu ya samaki na nguo zenu za misa?

BintiMvita

Mama, umeuliza lililo kweli. Hata kwetu, pakifungwa kutengenezwa, wauzaji ndio wa kwanza kuumia, na wakirudi hukuta kuna vibanda vipya na orodha ya majina. Wa madafu na kachiri wengi wana leseni ya kaunti, wengine hukimbizana na askari. Sitakudanganya.

MtuWaKigamboni

Mleta uzi, umenigusa mkuu. Na Mama Sambaza umepiga msumari penyewe.

Huku Dar tuna Coco Beach. Jumapili jioni ukitaka kujua mji una watu wangapi nenda pale. Mihogo ya kukaanga na kachumbari, mishikaki, madafu, watoto wanakimbiza mpira mpaka majini. Kuna waliokulia Tandale na Manzese ambao bahari yao yote ni Coco. Siku hizi kuna na Daraja la Tanzanite, limefunguliwa mwaka 2022, limepita juu ya maji zaidi ya kilomita moja, na watu wameligeuza pa kutembelea asubuhi na jioni. Waliojenga walifikiria foleni ya magari, wananchi wakafikiria mazoezi. Ukipata nafasi vuka na Unguja, kaa Forodhani saa za magharibi uone vijana wa makachu wanavyojirusha baharini kutoka ukutani.

Kuhusu sheria: Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Imeandikwa vizuri kabisa. Halafu pita Mbezi Beach kwa miguu ukiwa na futi kamba. Ninachotaka kusema, sheria mnayo na sisi tunayo, ila Coco ilibaki kwa sababu watu hawakuacha kuja hata wiki moja. Mahali panapojaa kila Jumapili ni vigumu kumpa mtu hati yake kimyakimya.

Sasa niulize na mimi, msinicheke: hilo ziwa lenu si ndilo tunaloambiwa lina gesi na siku moja litalipuka? Mtatembeaje hapo?

Mwanafunzi wa Himbi

MtuWaKigamboni, hatukucheki, hata hapa watu wanachanganya vitu viwili.

Gesi ya ziwa, yaani kaboni dayoksaidi na methani, imelala chini sana, nyingi iko zaidi ya mita 250 chini ya maji, na ziwa lenyewe lina kina kinachokaribia mita 480. Inabaki kule kwa uzito wa maji yaliyo juu yake. Rwanda wanaivuta methani upande wa Kibuye na kuwashia umeme. Anayetembea pembeni haimgusi. Mamba pia hatuna.

Inayomgusa ni mazuku, na hii watu wa Goma tuiseme wazi kabla hatujachora njia yoyote. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi na Kyeshero kwenda Bulengo, kuna mahali ambapo kaboni dayoksaidi inatoka kwenye nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, inajikusanya kwenye mashimo na mabonde. Usiku na alfajiri, upepo ukilala, inajaa. Mbuzi na mtoto wanaanguka kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Mtu mzima akiinama kumwinua mtoto, naye amekwisha. Upepo ukianza kuvuma inatawanyika, lakini huwezi kuiona ikiwa imeondoka.

Kwa hiyo anayeota njia ya kutembea Goma asichukue tu ramani na kalamu. Watu wa Observatoire, wanaochunguza volkano, wanajua maeneo hayo, wenye mashamba ya pale wanayajua zaidi. Njia ikipita juu, si tatizo. Ikiteremka kwenye shimo la mawe kwa sababu «mandhari ni mazuri», tutazika watu.

Chukudu_Goma

Nathibitisha. Kwa babu kulikuwa na shimo tulilokatazwa kabisa, kila mara unakuta ndege amekufa ndani yake, manyoya mazima.

Mwanamaji_Idjwi

Mnahangaika bure wote. Panda mtumbwi njoo Idjwi, kisiwani kwetu. Pembeni ya maji tunatembea kila siku, hakuna ukuta, hakuna sentineli. Pombe ya kasiksi ipo, mananasi yapo. Tatizo moja tu, kurudi kwenu ni mpaka mtumbwi ujae.

Mtoto wa Nyawera

Asanteni. Nimesoma yote na kuna mawili matatu yamenigeuza kichwa.

Mama Sambaza, kijana wa muhogo sikumuuliza. Nilimwangalia tu akitikisa kifuko. Lakini kwa hoja yako, na ya Mzee, naona tusiombe kile nilichokiona Mombasa. Njia ndefu yenye viti na maua Bukavu ingetaka kubomoa parseli za watu wenye nguvu kuliko Serikali yenyewe, na ikijengwa siku moja watu wa kwanza kuondolewa ni wenye beseni.

Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho. Hizi avenyu zetu zinazoteremka zikaishia majini, zile hatua za mwisho kabla ya ziwa, pale ambapo barabara ilikuwa barabara mpaka jirani wa kushoto na jirani wa kulia wakasogeza kuta zao zikakutana. Barabara haikuwa parseli ya mtu. Zifunguliwe hizo tu. Ngazi za mawe, taa moja, pipa la takataka. Asubuhi mama apokee sambaza zake hapo, jioni mimi nikae na watoto hapo hapo. Na harufu tutaizoea, mama, bei ya sambaza imetuzoesha makubwa zaidi.

Pipa nimelitaja makusudi. Mvua ikinyesha takataka za Kadutu zinashuka na mto Kawa mpaka ziwani, na chupa za plastiki zinaelea taratibu mpaka pale mto Ruzizi unapotoka ziwani na kuziba mitambo ya umeme. Kila tukikaa gizani sehemu ya sababu ni chupa zetu wenyewe. Mimi naamini watu wanatupa ziwani kwa urahisi kwa sababu ziwa hawalitumii. Ni nyuma ya ukuta wa mtu. Nani anasafisha ua wa mtu mwingine?

Mzee wa Essence

Ngazi na taa. Hiyo naweza kuipeleka kwa chef, kiongozi wa avenyu yetu. Yetu nayo ilifika majini, nakumbuka tulikuwa tunafua pale. Leo kuna lango la bluu. Atakataa, lakini atakataa kwa maandishi, na hapo tutakuwa na karatasi ya kuanzia.

Mama Sambaza

Muzee, ukienda kwa chef uniambie siku. Tutakuja bamama kama makumi mawili, na beseni zetu. Aone harufu.

Kijana wa Panzi

Hapo nakuja na mimi.

Dereva wa Kadutu

Uzi mzuri, lakini hakuna aliyeuliza la maana: Mombasa mlifikaje na watoto, na iligharimu nini?

Mtoto wa Nyawera

Dereva, tulivuka Ruzizi kuingia Rwanda tukachukua basi Kamembe mpaka Kigali, tukalala. Kigali basi la Kampala, Kampala basi la Nairobi. Hapo kwenye mabasi ndipo utachoka, chukua shuka na maji, watoto wavae soksi usiku. Nairobi tukapanda treni mpaka Mombasa, hiyo ni raha tupu. Mahali pa kulala tulikuwa nako kwa shemeji, kwa hiyo hesabu yangu haitakusaidia sana, nauli ndiyo iliyokula pesa nyingi. Chukua treni ya asubuhi, usichukue ya usiku, maana inapita Tsavo na watoto wanaweza kuona tembo kutoka dirishani. Na tikiti mwombe mtu aliye Nairobi akukatie mapema, maana wakati wa likizo tikiti zinaisha.